Mabuu ya Darini ni ya Nani?

Kuna bwana mmoja wa Chake Chake ameniletea maneno kwa vinywa vya watu, ati yale ya juma lililopita ni uongo mtupu, hakuna paka aliyepata kumwamkia panya. Simjibu. Yeye hakukaa nyumba ile. Angelikaa, angeliwaamkia yeye.

Wewe uliyekuwa safarini, sogea nikushike mkono upesi upesi tusimchoshe mwenzako.

Mwaka ni wa sitini. Mji ni Konde, kwetu Pemba. Mie Hija, fundi cherehani, nimepanga nyumba ya udongo ya Mzee Mmanga, muuza mafuta ya taa. Aliyenitafutia nyumba hiyo ni baba mkwe wangu mwenyewe, Mzee Ngwali wa Tumbe, mchuuzi wa ng'onda, wale samaki wa kupasua na kuanika juani. Mke wangu Mwatum kaenda kwao Tumbe kujifungua, kama ilivyo ada. Kajaaliwa mtoto wa kike, Mwanakhamis, na arobaini yake iko mlangoni. Ikitoka, wanarudi kwangu.

Wanarudi wapi sasa? Juu ya chumba changu kuna dari ya boriti na udongo. Mlango wa kupandia darini una kufuli. Ufunguo anao Mzee Mmanga. Na ndani ya dari, panya.

Bwana afya alikuja na bomba lake la dawa ya mbu. Mbu wakafa wote, panya wakanenepa. Paka niliyemwazima aliwatazama mara moja, akawaamkia, akahama.

Kisha ikaja harufu. Hapo ndipo nilipokuacha.

Harufu ya kitu kilichokufa ina tabia zake, ndugu yangu. Kwanza inabisha hodi. Kisha inaingia bila hodi. Mwisho inalala kitandani, wewe unalala chini.

Hii ilianza kama kiatu cha asikari aliyetoka zamu. Ikawa yai viza. Halafu ikakosa mfano. Nikafukiza ubani, ikawa maiti aliyefukizwa ubani. Nikatia udi, ikawa maiti bwana harusi.

Chai ilinuka. Mswaki ulinuka. Mteja mmoja alipokea kanzu yake mpya kwa vidole viwili, hakusema asante, akaenda nayo moja kwa moja kisimani.

Nikamwendea Mzee Mmanga dukani kwake. Nimemkuta anamimina mafuta ya taa kwenye chupa.

"Asalaam aleikum, Mzee Mmanga."

"Waaleikumu salaam, Fundi. Mbona umesimama mbali hivyo?"

"Nakuonea huruma. Yakhe, darini kwako kuna kitu kimekufa."

"Kimekufa lini?"

"Mie sikukaa matanga hata nijue. Nipe ufunguo nikitoe."

Akaziba chupa kwa gunzi, taratibu, kama mtu anayeziba mdomo wa mtoto.

"Fundi, ada ya nyumba unaijua. Paa na dari ni vya mwenye nyumba. Ukuta na sakafu ni vya mpangaji. Makuti yakivuja naezeka mie. Ukuta ukitoboka unakandika weye. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Basi panya akiwa juu ni wangu. Akishuka chini ni wako. Walio wangu hawajanishtaki kwa lolote."

"Na harufu?"

"Unaisikia ukiwa wapi?"

"Chumbani."

"Chumba nimekukodisha. Harufu iliyomo chumbani ni ya mwenye chumba. Mie nikuingilie katika harufu yako, nina adabu gani?"

Waliokaa barazani wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na kahawa. Nami nilitaka kucheka, lakini mtu aliyelala na harufu ile hafungui kinywa ovyo.

"Haya, usinipe ufunguo. Njoo ufungue weye, upande weye, utoe weye."

Hapo Mzee Mmanga akaacha mzaha.

"Sifungui, Fundi. Vilivyomo mule ni amana ya mtu."

"Ya nani?"

"Nikimtaja mwenyewe, itabaki amana gani tena?"

Nikajiambia huyu mzee bakhili tu, kaficha gunia lake la mchele anaona haya. Nikatoka pale nimekasirika mpaka kofia inanibana.

Nikaenda kumshitakia baba mkwe, Mzee Ngwali. Mpole yule mzee! Hajapata kuninyanyulia sauti. Alinisikiliza akichokonoa meno, macho chini.

"Fagia, mwanangu," akasema. "Nyumba ni kufagia. Dari si yako, usimbughudhi mzee wa watu."

Nikafagia. Nilifagia mpaka ufagio ukaisha nikabaki na mpini.

Na panya nao hawakulala. Mie walishanila kisigino. Usicheke. Waliiguguna ile ngozi kavu kidogo kidogo nimelala fofofo, hata nilipokwenda msikitini watu wakanisifu kwa miguu laini kama ya bibi harusi. Hilo niliwasamehe.

Lililonitia baridi ni jengine. Nilikuwa nimemshonea Mwanakhamis vishati vya bafta, nikavitia ndani ya bweta, nikafunika, nikaweka jiwe juu. Nilipofunua, kola zimekwenda, mikono imekwenda. Vifungo wameniachia. Na juu ya kila kishati mavi yao, meusi, kama mtu kamwaga chai kavu.

Nikakaa kitako pale chini. Kisigino changu mie kwato. Cha mwanangu maziwa matupu.

Nikaapa mtoto yule haingii humu mpaka dari ile ifunguliwe. Na mama yake haishi kwengine ila kwangu. Viapo viwili hivyo havikai pamoja, lakini nilikuwa na hasira.

Kabla sijajua la kufanya, mama mkwe akaja kukagua.

Bi Time wa Tumbe, mtu wa maneno machache na mikono mepesi. Hakuna asiyemjua kwa ususi. Mikeka, makanda, makawa, vyote anavisuka yeye, na pindo lake hulikosei: ukili mwekundu, ule utepe wa miyaa, umekumbatiana na mweusi, na pembeni anapiga kifundo kidogo cha mviringo kama jicho la kuku. Mtu wa Tumbe akiona jicho lile hata Mombasa, anasema huyu ni Bi Time.

Alishuka kwenye gari ya abiria pamoja na shoga yake, Bi Tatu. Huyu Bi Tatu kila alichosahau kusema mwenzake alikisema yeye, na kilichobaki pia.

Nilikuwa nimemwomba jirani anipikie wali wa nazi na mchuzi wa pweza. Nikawatandikia mkeka, ule ule aliotupa Bi Time siku ya harusi. Mie nikakaa mlangoni, macho chini, kwani mkwe hamtazami mkwewe usoni.

Bi Tatu akavuta pumzi.

"Jirani yenu kafiwa?"

"Hapana, shangazi."

"Basi atafiwa."

Bi Time, kwa adabu zake, alikohoa tu ndani ya buibui. Akawa anapapasa pindo la mkeka.

"Mkeka huu unaupiga jua, mkwe?"

"Naupiga, mama."

"Uangalie. Katika ususi wa mkono ule ndio huu tu niliobaki nao. Vyengine vyote vilizama."

"Usijikumbushe, shoga yangu," Bi Tatu akasema, "utakosa kula."

Nikueleze, kwani msiba ule ndio ulioinamisha nyumba ya wakwe zangu mwaka mzima. Bi Time aliuza bangili zake za dhahabu kumpa mumewe mtaji wa samaki. Akakaa akasuka makanda ya kuwatia, toka mfungo hata mfungo. Mzee Ngwali akajaza ng'onda, akapakia mashuani kwenda kuuza Tanga. Mashua ikapinduka Kigomasha. Watu wakaokoka, mali ikaenda chini yote. Ndivyo alivyorudi akatwambia, nguo zimemroa. Watu wakaja kuwapa pole. Mie mwenyewe nilipeleka mbuzi. Mbuzi wangu jike, mwenye mimba.

Basi tulikuwa tunakula. Nimesema mie macho chini, kwa hiyo nilikuwa natazama sahani.

Nikaona punje ya wali inatembea.

Nikafumba macho, nikafumbua. Inatembea bado. Nene, nyeupe, imepata riziki kuliko wenziwe. Ikapanda kilima cha wali, ikashuka upande wa Bi Tatu. Bi Tatu alikuwa anasema. Mkono wake ukaja, ukakusanya tonge, ukaondoka.

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Lakini utamwambia nini mtu mzima ambaye kesha meza?

Buu la pili likamwangukia Bi Time mgongoni mwa kiganja. Akalitazama. La tatu likaingia mchuzini. Kisha lile tundu la panya lililo juu yetu likafunguka kama mkono wa karimu, yakamiminika. Mabuu mtindo mmoja. Juu ya wali, juu ya mkeka, juu ya buibui, na machozi ya kahawia yanayonuka yakifuata nyuma yake.

Bi Tatu akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Yakhe Hija," akasema polepole, "lile tonge langu..."

"Shangazi, mimi..."

Hakungoja. Alikimbilia mlangoni, hakufika. Alifika kwenye viatu vyangu vya sikukuu. Alivijaza vyote viwili, hakupendelea.

Bi Time hakupiga kelele. Alijipangusa kiganja kwa ukingo wa kanga. Akachukua kawa, akafunika sahani, taratibu, kama tumekwisha kula na kushukuru. Akasimama.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Mjukuu wangu hatoletwa humu."

"Mama, mabuu haya si yangu, yametoka juu, na ada..."

"Mie sikuuliza ya nani. Ijumaa baada ya sala nitakuja na baba'ke Mwatum. Tukikuta pako vino hivi, Mwatum abaki kwetu, nawe umwandikie talaka yake. Binti yangu sikumlea aje kulishwa funza."

Wakaondoka. Nikabaki mimi, sahani, na kazi ya viatu.

Sikulia. Nilikaa nikawatazama wale mabuu wakijikunja juu ya mkeka, na hapo akili ikanijia. Si mchezo. Sikusoma skuli hata siku moja, herufi nimejifunza kwenye vibandiko vya mabunda ya vitambaa, lakini siku ile ningeliwafunga mawakili wote wa Unguja kamba moja.

Nikachukua kifuu, nikawachota mabuu wangu, nikafunika kwa jani la mgomba. Nikaenda kwa Sheha Shaame.

Sheha alikuwa barazani kwake na watu wake. Nikamtaka amwite Mzee Mmanga, akaitwa. Siku zile za siasa hakuna ugomvi usioulizwa chama.

"Kabla hatujaanza," Sheha akasema, "jambo lenu hili lina chama?"

"Halina, Sheha," nikajibu. "Mabuu hayajajiandikisha."

Nikaeleza yote. Mzee Mmanga akaeleza yake: juu kwangu, chini kwake, na kilichoanguka chini ni cha mwenye chini. Watu wakatikisa vichwa. Kweli ndivyo ada ilivyo.

Nikamgeukia.

"Mzee Mmanga, ule mnazi wako ulioinamia uwanjani kwa Bi Mgeni. Nazi yake ikiangukia kwa Bi Mgeni, ni ya nani?"

"Yangu. Mnazi wangu."

"Imeanguka kwenye ardhi ya Bi Mgeni."

"Hata ingemwangukia Bi Mgeni kichwani! Nazi hufuata mnazi, haifuati ardhi. Hilo nalo la kuuliza? Pemba nzima ndivyo tunavyoishi."

"Sheha umesikia?"

"Nimesikia."

Nikafunua jani, nikamwekea kifuu mapajani.

"Nazi zako hizi, bwana. Nimekuokotea."

Baraza ikalipuka. Mmoja alianguka na kigoda chake. Mzee Mmanga akaruka, mabuu yakaingia ndani ya kanzu, akawa anacheza ngoma ambayo haijapata jina mpaka leo.

"Nazi ina mnazi!" akapiga kelele, anajipukusa. "Buu lina mnazi gani?"

"Mnazi wake ni hicho kilichooza darini. Tufungulie tuuone."

Sheha Shaame hakucheka. Alivuta ndevu zake mara mbili tatu.

"Fundi kasema kweli. Aliye na mali juu, uchafu wa mali yake ni wake, popote uangukapo. Ijumaa baada ya sala dari ifunguliwe, na mwenye mali hiyo aitoe kwa mkono wake mwenyewe."

Ningelinyamaza hapo. Mtu mwenye akili angelinyamaza hapo, akaenda kuosha viatu. Lakini nilikuwa nimeonja ushindi, na ulimi wangu ukaona njaa.

"Na aubebe kichwani, Sheha," nikasema. "Auchukue mchana kweupe, apite nao katikati ya soko la Konde mpaka nje ya mji akaufukie. Maana mama mkwe wangu kadhalilishwa mbele ya wali."

"Haki," watu wakaitikia. "Aubebe!"

"Na iwe hivyo," Sheha akasema.

Mzee Mmanga akanishika mkono, akanivuta kando. Uso umembadilika.

"Hija, mwanangu, omba jengine. Hilo la kubeba liondoe."

"Unaogopa soko?"

"Si mie wa kuogopa. Utajuta weye."

Nikamcheka. Nikazunguka mji mzima kuwaalika watu waje kutazama, kama harusi.

Ijumaa asubuhi, nakata suruali ya mtu, nikasikia kengele ya baiskeli. Mzee Ngwali, peke yake, jasho linamtoka.

"Mwanangu, nimesikia hukumu. Umeshinda."

"Alhamdulillahi, baba."

"Kushinda kunatosha. Msamehe Mzee Mmanga. Hama tu, nitakutafutia nyumba nyengine, nzuri kuliko hii."

"Baba, mkeo kaangukiwa na mabuu!"

"Kesha oga."

"Na Bi Tatu?"

"Bi Tatu hajafa." Akanishika bega. "Basi hata hiyo ya kupita sokoni kichwani. Mtu mzima, Hija. Mtu mwenye ndevu zake na wajukuu."

Nikaingiwa na huruma, si kwa Mzee Mmanga, kwa yeye. Nikambusu mkono.

"Baba, upole wako huu ndio unaokuponza. Watu wanakuonea hivi hivi. Leo wacha mie mwanao nikupe raha."

Akapanda baiskeli, akashuka, akapanda tena.

Baada ya sala uwanja wangu ulikuwa hautoshi. Wauza samaki wameacha samaki, wauza ndizi wameacha ndizi. Vijana wamepanda juu ya ukuta wa choo. Wote wamejifunga pua kwa vitambaa, kama mji umeingiwa na majambazi. Ndani ya chumba tuko wachache: Sheha, Mzee Mmanga, mie, na wakwe zangu wawili. Bi Time kasimama juu ya mkeka wake. Mzee Ngwali kajibanza ukutani.

Mzee Mmanga akafungua kufuli bila ya kumtazama mtu. Ngazi ikaegeshwa.

"Panda utoe," Sheha akamwambia.

"Mie mwenye dari, Sheha, si mwenye mali. Mwenye mali ajitokeze mwenyewe. Mie sitomtaja, niliapa."

Mzee Ngwali akakohoa.

"Fundi," Sheha akasema, "panda weye ututazamie ni mali gani. Mali itamtaja mwenyewe."

Hilo nalo likawa balaa lake. Mkwe kupanda juu ya kichwa cha mama mkwe, na nimevaa kikoi! Nikapiga ubinda, kikoi nikakipitisha baina ya mapaja, nikakaza mpaka nikakosa pumzi. Bi Time akageukia ukutani. Nikapanda.

Nikatoa kichwa darini.

Nimekwisha kuona mengi na nimekwisha kuyaongeza chumvi mengi. Hili sikuliongeza, halikuwa na pa kuongezwa. Joto limekaa mle kama kwenye tanuri. Mainzi mazito, hayaruki, yanatembea. Mlijaa ng'onda waliovujiwa na makuti, wamekwisha kuwa uji. Na uji ule unachemka bila ya moto, unapanda na kushuka, mweupe, ni mabuu. Panya walikufa kwa shibe, wamezama humo mikia juu. Mmoja alikuwa hajafa. Alinitazama kama mie ndiye niliyeingia kwake bila hodi.

Nikanyoosha mkono kutafuta pa kujishika. Nikashika ukingo wa kanda.

Vidole vikajua kabla ya macho. Ukili mwekundu umekumbatiana na mweusi. Pembeni, kifundo kidogo cha mviringo.

Jicho la kuku.

Nikatazama la pili. Jicho la kuku. La tatu, la nne, mpaka kwenye giza la mwisho wa dari. Makanda yote ya Bi Time. Yaliyozama Kigomasha. Hayajapata kuonja maji ya bahari.

Nikakumbuka nguo zilizoroa. Nikamkumbuka mbuzi wangu.

"Fundi!" Sheha kaniita. "Unaona nini?"

"Samaki, Sheha."

"Wa nani?"

Nikainamisha uso nikatazama chini. Wote walikuwa wameziba pua na kuinamia sakafu. Mmoja tu aliyeinua uso kunitazama: baba mkwe wangu mpole. Alitikisa kichwa, kidogo tu, kama mtu anayefukuza inzi.

Nje watu wakaanza. Watu wangu mwenyewe, niliowaalika kwa mdomo wangu.

"Mtaje! Abebe! Mtaje! Abebe!"

Nikimtaja, nimemtwisha babu wa mwanangu uozo kichwani katikati ya soko, na ni mie niliyeiomba hukumu hiyo. Binti wa mtu huyo atarudi kwangu kwa uso gani? Nisipomtaja, mabuu ni yangu, na talaka ni leo. Sijapata kumwonea kijicho panya kama siku ile. Yeye alikuwa na tundu lake.

"Sheha," nikasema, "mali hii... haina jina."

Nilikuwa bado nimelishika lile kanda. Nilipoliachia, nililiachia vibaya. Chini yake boriti imekwisha oza kwa yale machozi. Ikalia krrr, tundu la panya likawa tundu la mtu, na kanda zima likapita.

Likaanguka paa! Katikati ya mkeka.

Watu wakarukia mlangoni. Sheha akapoteza kofia. Bi Time hakukimbia. Aligeuka kutoka ukutani, akachutama. Kila mtu kaziba pua, yeye hakuziba. Akapangusa mabuu kwa kidole juu ya lile pindo, taratibu, kama mtu anavyompangusa mtoto makamasi. Akalilaza pindo la kanda karibu na pindo la mkeka.

Macho ya kuku mawili, pamoja.



Bi Time hakumtazama mumewe. Aliinua uso juu, kwangu. Na jambo ambalo halijapata kuwa tangu nilipomwoa binti yake, akanitazama machoni, akaniita kwa jina.

"Hija. Nyumba hii ulitafutiwa na nani?"

Nikahisi ngazi inatikisika. Chini yangu, Mzee Ngwali alikuwa ameishika kwa mikono miwili, na mie mpaka nafungua kinywa sikujua kama ananishikia nisianguke, au anaiondoa.